Waamuzi wakigombana, nani apulize filimbi?

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu nilikuwa likizo nyumbani Sumbawanga, na mimi nikiwa nyumbani kalamu huwa naiweka pembeni. Lakini safari hii nimerudi na jambo ambalo limenikaa kichwani wiki mbili nzima. Mhariri wangu ameshaniambia kwamba gazetini halina nafasi, anasema mechi za vijijini haziuzi gazeti. Basi naliweka hapa kwangu.

Jambo lenyewe ni waamuzi. Najua utasema tumechoka, kila mtu Tanzania anazungumzia waamuzi, hasa siku moja baada ya Simba na Yanga kukutana. Lakini tazama mazungumzo yetu yalivyo. Mwamuzi kakosea, mwamuzi kahongwa, mwamuzi ni shabiki wa timu fulani tangu utotoni. Tunaishia hapo. Sijasikia watu wakizungumzia kitu ambacho kwa mtazamo wangu kinaharibu michezo yetu ya mitaani kuliko hata makosa yenyewe, nacho ni waamuzi kutoelewana wao kwa wao.

Naomba nieleweke mapema. Sisemi kwamba waamuzi wasitofautiane. Watu watatu waliosimama sehemu tatu za uwanja ni lazima waone vitu vitatu, ndiyo maana wakawekwa watatu. Ninachosema ni kwamba sisi tunanyamaza pale tunapotakiwa kusema, halafu tunasema pale tunapotakiwa kunyamaza.

Kwa wasioifahamu, Mollo ni kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, ila ukifika utaona mashamba zaidi kuliko mji. Wengi wanaijua kwa sababu ya gereza. Mwezi Juni kule ni baridi kweli kweli, kwa sababu uwanda wa Ufipa uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na upepo unapita bila kizuizi. Lakini ni wakati mzuri. Mahindi yameshavunwa au yanamaliziwa, watu wana nafasi na wana vihela kidogo. Ndipo mashindano ya mbuzi yanapoanza. Mtu anajitolea mbuzi, timu zinachangia ada, bingwa anaondoka na mbuzi wake. Usicheke ndugu yangu. Nimewaona vijana wakimpigania mbuzi kwa moyo ambao sijauona kwa baadhi ya wanaolipwa mishahara Dar es Salaam.

Waamuzi wa mashindano haya wanapatikanaje? Kamati inamtafuta mtu mmoja anayejulikana kuwa aliwahi kusomea uamuzi, huyo ndiye wa kati. Halafu wanatafutwa wawili wa kushika vibendera, mara nyingi wanapatikana asubuhi ya siku yenyewe. Wanakutana uwanjani, wanasalimiana, wanavaa, filimbi inalia.

Katika mechi niliyoitazama mimi, wa kati alikuwa mwalimu mstaafu, mzee anayeheshimika sana. Mmoja wa washika vibendera alikuwa kijana wa rika langu anayeendesha bodaboda, ambaye alishahudhuria kozi ya awali ya waamuzi na bado ana hamu na kazi hiyo. Matokeo yalikuwa moja kwa moja. Zikiwa zimebaki dakika chache kiungo wa timu moja akapiga shuti kutoka nje ya kumi na nane, likapita katikati ya msitu wa miguu, likaingia wavuni (wavu ulikuwepo, msidhani sisi ni washamba kiasi hicho). Mwalimu akaonyesha kati. Kijana kibendera kiko juu.

Mwalimu alikiona. Akamwashiria kwa mkono akishushe. Kijana hakukishusha. Na hapo ndipo uwanja mzima ulipogundua kwamba waamuzi wana maneno mawili. Timu iliyofungwa ikamkimbilia mwalimu: "Mwalimu, hata mwenzako anakukatalia!" Timu iliyofunga ikamkimbilia kijana. Mwalimu akatembea mpaka pembeni kwa hasira na mbele ya wachezaji, watoto na akina mama waliokuwa wakiuza karanga akasema, "Dogo, wewe umeletwa kushika kibendera, hukuletwa kuamua." Kijana akajibu, "Basi mwalimu kama hukihitaji kichukue." Akakitupa chini.

Mechi ilisimama kama dakika kumi. Goli likabaki goli, mbuzi akaenda alikokwenda. Hakuna aliyepigwa, na kwa hilo niwasifu watu wa Mollo, kwa sababu kuna viwanja ninavyovijua mimi ambako wangeondoka na filimbi ikiwa tumboni mwa mtu.

Nani alikuwa sahihi? Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja na ningedanganya nikisema niliona. Lakini kesho yake niliongea na mmoja, na siku iliyofuata nikaongea na mwingine. Kijana aliniambia hivi: namba tisa wao alikuwa ameotea, amesimama nyuma ya mabeki wote, hatua mbili tatu kutoka kwa golikipa. Mwalimu aliniambia hivi: namba tisa hakuugusa mpira wala hakumziba golikipa, golikipa aliuona mpira tangu unatoka mguuni.

Soma tena hayo majibu mawili. Hawa watu hawakuwa wakibishana! Kila mmoja alikuwa anajibu swali lake. Sheria ya 11 ya soka inasema wazi kwamba kuwa katika nafasi ya kuotea peke yake si kosa. Linakuwa kosa pale mchezaji huyo anaposhiriki: anaucheza mpira, anamwingilia mpinzani, kwa mfano kwa kumziba golikipa asione, au ananufaika na nafasi aliyokuwa nayo. Kijana aliyesimama kwenye mstari ndiye mwenye nafasi nzuri ya kujua kama mtu yuko nyuma ya mabeki. Mwalimu aliyekuwa mbele ya goli, akitazama moja kwa moja, ndiye mwenye nafasi nzuri ya kujua kama golikipa alizibwa. Mmoja ana nusu ya jibu na mwingine ana nusu iliyobaki. Walichohitaji ni maneno machache tu. "Namba tisa alikuwa ameotea." "Alimziba kipa?" "Hilo sikuliona vizuri." "Mimi niliona, hakumziba." Kibendera chini, mpira kati. Hata sekunde kumi haziishi.

Na muda huo upo kisheria. Mwamuzi wa kati anaruhusiwa kubadili uamuzi wake, kwa kujigundua mwenyewe au kwa ushauri wa mwenzake, ilimradi mchezo haujaanzishwa upya. Goli likiingia, mpaka mpira urudishwe kati na watu wamalize kushangilia (na vijana wa siku hizi wanashangilia kwa madoido) mna muda wa kutosha wa kuitana. Ukishapuliza ya kuanzisha, basi, limepita.

Sasa kwa nini hawakuitana? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Wakati wanapokutana kabla ya mechi, yule kijana alimsalimia mwalimu. Shikamoo mwalimu. Marahaba kijana wangu, hujambo. Na sisi Wafipa salamu si kitu cha kupita nacho njiani, mkubwa anasalimiwa kwa kuinama au kuchuchumaa, na mikono inapigwa makofi polepole. Nimelelewa hivyo na siombi msamaha kwa hilo. Lakini jiulize, mtu uliyemwamkia kwa heshima saa tisa, saa kumi na nusu utamwambiaje mbele ya umati kwamba hakuona vizuri? Na yeye aliyeitikia marahaba, atamfuataje mtoto pembeni kumuuliza aliona nini, wakati watu wote wanamtazama? Hakuna kati yao aliyekuwa na lugha ya kufanyia hivyo. Kijana alikuwa na kibendera tu, akakitumia kusema kila kitu. Mwalimu alikuwa na mkono tu, akautumia kusema kila kitu. Walipofungua midomo walikuwa wameshakasirika.

Nimesikia watu wakisema tatizo la vijana wa siku hizi ni kukosa adabu. Mimi naona kinyume. Adabu ilikuwepo nyingi kupita kiasi kuanzia dakika ya kwanza. Kijana aliniambia kwamba kipindi cha kwanza kulikuwa na mambo mawili matatu aliyaona na hakunyanyua kibendera, kwa sababu aliona mwalimu "hataki kusaidiwa." Alimeza, akameza, lilipokuja la goli likamtoka lote. Kama angezoea kusema madogo, kubwa lisingemlipukia.

Usidhani ni mambo ya Mollo peke yake. Januari 12, 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Limbe, Cameroon, Tunisia walikuwa wanacheza na Mali. Mwamuzi alikuwa Janny Sikazwe, Mzambia, jirani yetu kabisa, maana ukitoka Sumbawanga ukavuka mpaka wa Kasesya umeshafika kwao. Mali wakiongoza kwa goli moja akapuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85. Akarudisha mchezo. Halafu akaumaliza tena dakika ya 89, kabla ya tisini kutimia, achilia mbali muda wa nyongeza. Baadaye ilielezwa kwamba aliathiriwa na joto kali, na mwenyewe alisema hali yake ilikuwa mbaya, kwa hiyo simcheki. Ila ninajiuliza swali moja. Mwamuzi haendi peke yake uwanjani. Ana wasaidizi wawili na mwamuzi wa akiba, na wote wana saa mikononi. Mwenzako anapozidiwa, ni nani anayetakiwa kumshika mkono na kumwambia kaka, bado? Uamuzi wa kuendeleza mchezo ulikuja Mali na Tunisia wakiwa wameshatoka uwanjani. Mali wakarudi, Tunisia hawakutokea, na matokeo yakabaki vile vile. Kama huko juu kwenye mashindano makubwa kabisa ya bara letu inaweza kuwa ngumu kumsahihisha wa kati, sembuse kwa mzee wa watu Mollo.

Wapo waliofanya vizuri, na mfano wake ni wa zamani sana. Fainali ya Kombe la Dunia 1966 pale Wembley, Uingereza na Ujerumani Magharibi, dakika za nyongeza. Geoff Hurst akapiga, mpira ukagonga mwamba wa juu, ukashuka chini, ukatoka. Umevuka mstari? Mwamuzi wa kati, Gottfried Dienst wa Uswisi, hakuwa na uhakika. Akatembea mpaka kwa mshika kibendera wake, Tofiq Bahramov kutoka Azerbaijan, iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti wakati huo. Bahramov akakubali kuwa ni goli, Dienst akaonyesha kati, basi. Wajerumani wanalalamika mpaka leo na huenda wana haki. Lakini angalia namna ilivyofanyika. Mkubwa ndiye aliyemfuata mdogo. Alimfuata kwa kuuliza. Alipopata jibu akalifanya kuwa jibu lake, na hakuna aliyewaona wawili hao wakinyoosheana vidole. Huko Baku uwanja wa mpira umepewa jina la Bahramov, mshika kibendera! Sisi kwetu mshika kibendera hata posho yake anaizungushwa.

Nikirudi kwenye posho. Katika mashindano haya kamati huwa inamkabidhi wa kati fedha za waamuzi wote, naye ndiye anagawa. Mpaka naondoka Sumbawanga kijana alikuwa anasema hajaiona yake. Mwalimu anasema kijana hakuja kuichukua. Yawezekana wote wanasema kweli. Kijana hawezi kwenda nyumbani kwa mtu aliyemtupia kibendera, na mwalimu hawezi kumfuata dogo kijiweni kwa bodaboda kumpelekea elfu chache. Kwa hiyo hela imekaa, na chuki imekaa juu ya hela. Kijiweni wanasema mwalimu alinunuliwa na timu iliyoshinda. Kilabuni wanasema kijana ana mjomba kwenye timu iliyoshindwa. Nilijaribu kumwuliza kila aliyeniambia hayo kama ana ushahidi, nikaishia kuambiwa mimi ni mwandishi, nichunguze mwenyewe.

Ndicho nilichosema mwanzoni, kusema pale panapotakiwa kunyamaza. Jambo ambalo lingemalizwa kwa maneno manne pembeni mwa mstari sasa linajadiliwa na kijiji, na kila linapojadiliwa linaongezewa chumvi.

Kuna chanzo kingine ambacho watu wengi hawakioni, nacho ni sheria zenyewe kubadilika. Waliosomea uamuzi miaka ya nyuma walisoma kitabu chao na wakakishika kichwani, na kwa kweli wanakijua. Lakini kitabu hicho hakipo tena. Zamani mpira wa kuanzia kati ulikuwa lazima uende mbele, tangu 2016 unaruhusiwa kwenda upande wowote. Zamani goli kiki ilikuwa lazima itoke nje ya kumi na nane ndipo ihesabiwe, tangu 2019 ikishapigwa na ikasogea wazi inachezwa. Mpira ukimgonga mwamuzi zamani mchezo uliendelea tu, sasa ukimgonga ukabaki uwanjani na kuanzisha shambulizi la hatari, kubadilisha timu yenye mpira au kuingia golini, mchezo unasimamishwa na mpira unadondoshwa. Kijana mwenye simu anayasoma haya kila mwaka. Mzee aliyesoma kozi yake enzi hizo hana habari nayo, na hakuna aliyemletea. Kisha unawaweka uwanja mmoja na unategemea waelewane! Hapo kijana anamwona mzee mshamba, mzee anamwona kijana mjuaji, na wote wawili wanafuata sheria, ila za miaka tofauti.

(Na watazamaji nao siku hizi ni wataalamu. Msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons walipoufanya Uwanja wa Nelson Mandela pale mjini kuwa wa nyumbani kwao, na wakamfunga Simba bao moja kwa bila mwezi Oktoba 2020, watu wa vijijini walijaa kutazama Ligi Kuu kwa macho yao. Tangu hapo kila mtu anajua kuotea. Huwezi kumdanganya mtu.)

Nataka niwasifu akina mama wa netiboli. Siku mbili baada ya mechi ile nilitazama mpira wa pete wa shule, waamuzi wawili, walimu wote, mmoja mkubwa na mmoja mdogo kiumri. Netiboli haina mwamuzi wa kati. Kila mwamuzi ana nusu yake ya uwanja na anaamua ndani ya nusu hiyo, mwenzake hamwingilii, ila mmoja akiwa hakuona anaweza kumwuliza mwenzake. Kikapu nacho kina wazo kama hilo, kanuni zake zinasema hakuna mwamuzi mwenye mamlaka ya kupuuza au kuhoji uamuzi wa mwenzake uliofanywa ndani ya kazi yake. Basi siku ile yule mdogo alikuwa mkali sana wa hatua, mtoto akiburuza mguu kidogo tu filimbi inalia. Yule mkubwa alikuwa anaachia. Wasichana wakaanza kulalamika kwamba upande ule wanapigiwa na upande huu hawapigiwi. Yalipofika mapumziko niliwaona wakisogea pembeni ya uwanja, wakageuza migongo kwa watazamaji, wakaongea kwa muda mfupi tu. Kipindi kilichofuata wote wawili walikuwa katikati, si wakali sana si walegevu sana. Nilimwuliza yule mdogo walizungumza nini. Akanijibu, "Nilimwambia dada, mimi nakaza wewe unaachia, tuchague moja." Basi.

Sisemi netiboli ndiyo dawa. Nusu mbili zikiwa na watu wasiosemeshana unapata viwanja viwili kwenye mechi moja, na hilo nimeshaliona pia. Lakini mfumo wao una kitu ambacho soka yetu ya mtaani haina: hakuna anayekwenda pale akiamini mwenzake ni msaidizi wa kubeba kibendera.

Kuna wanaoniambia kwamba waamuzi ni lazima wafichiane, kwamba mwamuzi akimkosoa mwenzake kazi imekwisha, wachezaji watawapanda kichwani. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Uwanjani, mbele ya watu, neno la wa kati ndilo neno, na sheria inampa yeye uamuzi wa mwisho. Kama mwalimu ameshaona kibendera na bado ameamua goli, kijana alipaswa kukishusha, akatembea kurudi kwenye mstari wake na kumeza mate. Kumwacha mwenzako akishambuliwa huku umenyanyua kitambaa kama ushahidi si sawa, na nilimwambia hivyo usoni kwake. Hakufurahi. Njia iliyopo kwa msaidizi mwenye wasiwasi na goli ni kusimama pale pale alipo badala ya kukimbilia mstari wa kati, na kumtazama mwenzake machoni, ili wa kati ajue kuna neno. Lakini hiyo inafanya kazi kama wa kati anajua maana ya kusimama huko, na atajuaje kama hawajawahi kuongea?

Nusu nyingine ya hoja naikataa. Kufichiana baada ya mechi ndiko kunakoua. Ripoti inaandikwa na wa kati peke yake, kama inaandikwa kabisa, na katika mashindano ya mbuzi ripoti yenyewe ni karatasi ya daftari yenye matokeo na majina ya waliopata kadi. Mollo hatuna kamati ya saa 72. Kwa hiyo msaidizi akiona alidhulumiwa hana pa kupeleka neno lake isipokuwa kijiweni. Ungempa mistari mitatu tu chini ya karatasi ile, "mimi niliona hivi," angeandika, angesaini, moyo ungetulia. Na kamati ingejifunza kitu.

Ndiyo maana nilipoonana na watu wa kamati niliwapa mapendekezo yangu, na nayarudia hapa kwa sababu naamini hayahitaji fedha. Waamuzi wafike nusu saa kabla, wakae chini ya mti, na yule wa kati ndiye aanze kwa kuwauliza wenzake: nikiwa sijaona mtaniashiriaje, na mkiona nimekosea mtaniitaje? Mkubwa akiuliza yeye kwanza, mdogo anakuwa ameruhusiwa, na heshima haijavunjika. Humo humo mwenye simu awasomee wenzake kilichobadilika kwenye sheria mwaka huu. Posho kila mtu apewe mkononi mwake na mtunza hazina. Na chama cha waamuzi, FRAT, kikumbuke kwamba mwamuzi wa Ligi Kuu wa kesho yuko kwenye mechi za mbuzi leo, akishika kibendera. Siyo lazima kozi kubwa. Jumamosi moja ya kuwarudisha darasani wazee na vijana pamoja ingesaidia mengi.

Kwa sababu hasara ninayoiona mimi ni ya yule kijana. Alikuwa amepanga kuendelea na madaraja ya uamuzi, alikuwa anaweka akiba ya kozi inayofuata kutoka kwenye bodaboda yake. Sasa ameniambia hashiki kibendera tena, hata akiitwa. Na mwalimu naye, ambaye ana miaka mingi kwenye kazi hii bila mtu kumlipa chochote cha maana, anasema anafikiria kuacha kwa sababu hakuzeeka ili aje kutupiwa vitu na watoto. Timu zipo, mbuzi wapo, uwanja upo. Watu wa kupuliza ndio wanapungua.

Nilimwomba kila mmoja anipe ruhusa nimwambie mwenzake alichoniambia kuhusu namba tisa. Mwalimu alikaa kimya kidogo, akauliza, "Kwa hiyo yeye alikuwa anasema nafasi tu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Angesema." Kijana nilipomweleza upande wa mwalimu alinijibu, "Angeuliza."

Katibu wa kamati alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye daftari. Kisha akaniuliza hiyo nusu saa ya kukaa chini ya mti nani atawalipa waamuzi. Nikamwambia hailipiwi. Akasema atalifikisha kwa wenzake, na kwamba mashindano mengine yanaanza wiki ya pili ya mwezi ujao, kama nina uwezo wa kuchangia jezi.